Neno "Halal" kwenye gari la chakula halimalizi maswali yote



Familia nyingi za Kiislamu hapa kwetu sasa zina mtoto, kaka au shemeji anayeishi Marekani, na si ajabu mzazi akapata nafasi ya kwenda kumtembelea. Akifika jiji la New York, hatakaa siku mbili kabla hajapelekwa kuonja chakula cha barabarani: mikokoteni, na magari makubwa yenye jiko zima ndani, foleni mbele yake na harufu ya nyama inayochomwa.

Waislamu wengi wanaiendea foleni hiyo kwa moja ya fikra mbili. Wa kwanza anasema: "Hii ni Marekani, kila kitu kinakaguliwa, kula tu." Wa pili anasema: "Imeandikwa halal, bismillah." Wa kwanza ameisahau dini yake, na wa pili ameisahau afya yake. Suratul Baqara, aya ya 168, imetutaka tutazame mambo mawili kwa pamoja: chakula kiwe halali, na kiwe twayyib, yaani kizuri na kisafi. Hatukupewa ruhusa ya kuchagua moja na kuliacha la pili.

Biashara yenyewe ina historia ambayo Muislamu anaweza kujivunia. Mkokoteni maarufu wa The Halal Guys, katika kona ya Mtaa wa 53 na Barabara ya 6, ulianzishwa mwaka 1990 na wahamiaji kutoka Misri. Mwanzoni waliuza hot dog, kisha wakageukia kuku na wali kwa sababu madereva teksi wa Kiislamu walikuwa wanatafuta mlo wa halali wa kushibisha. Kutokana na njaa ya madereva wale, wali na kuku ukawa chakula cha jiji zima.

Magari ya vyakula vya kifahari yana historia nyingine. Mwaka 2008 huko Los Angeles, mpishi Roy Choi, mzaliwa wa Korea, na wenzake walianzisha gari la Kogi, wakaitia nyama ya Kikorea ndani ya chapati za Kimeksiko. Watu walipanga foleni hadi usiku, na magari ya namna hiyo yakaenea katika miji mingi. Humo utakuta wapishi hodari kweli kweli, lakini wengi wao hawapikii Waislamu.

Hapo ndipo swali la kwanza linapokuja. Katika magari hayo nyama ya nguruwe na ya ng'ombe mara nyingi hukaangwa juu ya bamba moja la chuma na kugeuzwa kwa koleo moja. Maharage huweza kupikwa kwa mafuta ya nguruwe, na mchuzi ukatiwa mvinyo. Kusema "nipe ya kuku" hakutoshi. Uliza kuku amechinjwaje, na uliza bamba ni la pamoja au la peke yake. Muuzaji mwaminifu hakasiriki kuulizwa. Ukibaki na shaka, ondoka. Waulize wenyeji baada ya swala, kwa mfano katika msikiti mkubwa wa Barabara ya 3 na Mtaa wa 96, watakuelekeza wanapokula wao.

Swali la pili ni la usafi. Tangu mwishoni mwa mwaka 2018, Idara ya Afya ya New York imekuwa ikibandika herufi kwenye mikokoteni na magari ya chakula kama inavyofanya kwenye mikahawa. Mkaguzi huhesabu makosa kwa pointi: 0 hadi 13 ni A, 14 hadi 27 ni B, na kuanzia 28 ni C. Itafute herufi hiyo kabla hujatoa pesa. Lakini fahamu mipaka yake. Inaeleza hali aliyoikuta mkaguzi siku aliyofika, haielezi hali ya leo mchana. Wala herufi A haimaanishi halali, kwa sababu mkaguzi wa afya hakuja kuuliza nani amechinja. Na neno "halal" nalo halikuelezi kama mpishi ameosha mikono.

Ndugu msomaji, hatari kubwa imo katika joto. Chakula kilichopikwa kikikaa kati ya nyuzi joto 5 na 60 za Selsiasi, bakteria huzaliana. Baadhi yao, wakipata joto linalowafaa, huongezeka maradufu kila baada ya dakika 20 hivi. Bakteria mmoja kwa mwendo huo, baada ya saa 7, anakuwa zaidi ya milioni 2. Kuku asiyeiva vizuri hubeba Salmonella na Campylobacter. Wali nao, ambao wengi huuona hauna neno, una bakteria aitwaye Bacillus cereus ambaye mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukiachwa vuguvugu huweza kutengeneza sumu isiyoondoka hata ukiupasha moto tena, na mlaji huanza kutapika ndani ya saa 1 hadi 6.

Basi simama pembeni dakika tano utazame. Je, anayepokea pesa ndiye huyo huyo anayeshika chakula, bila kunawa wala kubadili glavu? Je, kuku mbichi na aliyeiva wanakatwa kwenye ubao mmoja? Je, chakula kinatoa moshi, au kimepoa kwenye trei? Mchuzi mweupe na saladi vipo kwenye baridi, au vimewekwa juani? Foleni ndefu ni dalili nzuri kwamba chakula hakilali, lakini foleni haioshi mikono ya mtu.

Kula pale pale kikiwa cha moto. Tabia ya kubeba nusu ya chakula kwenye mfuko, ukazunguka nacho mjini mchana kutwa kisha ukakila usiku, ndiyo inayowaumiza wageni wengi. Na nawa mikono kwa maji na sabuni kabla ya kula. Magari hayana bomba la wateja, kwa hiyo nawa kabla hujatoka. Usimpe mjamzito jibini la maziwa yasiyochemshwa, kwani bakteria wa Listeria anaweza kuharibu mimba. Watoto wadogo, wazee na wagonjwa wa kisukari waonje kidogo, na katika gari moja tu kwa siku.

Likitokea la kutokea, ukahara na kutapika, usikimbilie Flagyl uliyobeba kwenye begi. Kunywa maji ya ORS kidogo kidogo, au changanya lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Nenda hospitali haraka ukiona damu kwenye choo, homa kali, mkojo kukatika, mgonjwa kulegea au kushindwa kubakiza hata maji tumboni. Gharama za matibabu kule ni kubwa mno. Sahani ya wali isije ikamlazimisha mwanao kukopa.

Maoni yangu ni kwamba jambo hili tulirudishe nyumbani pia. Ningefurahi kuona banda la chipsi na mama lishe wa mtaani kwetu wakibandikiwa herufi yao hadharani, ili kijana wa Kiislamu mwenye shilingi chache ajue anakula nini. Hadi hapo, mkaguzi ni wewe mwenyewe. Muuzaji akijua kwamba Waislamu wanauliza uchinjaji na wanatazama mikono, atayatengeneza yote mawili.

Allah (SW) aturuzuku kilicho halali na kilicho twayyib, na atukinge na maradhi, sisi na watoto wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.