KABLA YA KUKATA NJIA MSITUNI, TUULIZWE

Ndugu wanachama,

Wapo wenzetu wanaouliza: "Ndege tutawala? Acheni mafuta yatafutwe, vijana wapate kazi." Swali hilo tusilidharau. Kazi ni haba kweli, na ndovu wa msitu huu huu hutumalizia mahindi. Lakini hebu tupige hesabu sawasawa.

Msitu wetu wa Arabuko-Sokoke una kilomita za mraba kama 420. Kwera wa Clarke hapatikani popote duniani ila hapa Kilifi. Hata mahali anapojenga viota pamejulikana mwaka 2013 tu, kule mabwawa ya Dakatcha. Kipimanjia wa Sokoke huokota wadudu chini, penye majani makavu. Yuko na yule mwenye madoa kifuani, atokaye kusini mwa Tanzania kuja kukaa kwetu wakati wa kusi. Hawa wote wanategemea miti. Ukiifyeka, hawana pa kwenda.

Mtafuta mafuta na gesi haanzi na kisima. Huanza kwa kukata njia zilizonyooka, atikise ardhi kwa mashine au baruti, asikilize mwangwi wa chini. Ati ni njia nyembamba tu! Yeye akiondoka njia inabaki. Ataipita nani? Mchoma makaa, mwenye msumeno na mtega mitego. Kijana wetu atalipwa siku za kufyeka, basi, panga litarudi nyumbani.

Upande wa pili, tangu mwaka 1993 mradi wa Kipepeo pale Gede unanunua kutoka kwa wafugaji wa vipepeo wa kando ya msitu. Wengine wana mizinga, wengine wanaongoza wageni wanaokuja kuangalia ndege. Pesa si nyingi, tusidanganyane. Lakini msitu ukisimama, zinarudi mwaka baada ya mwaka.

Mwaka 2014 palikuwa na mpango wa kupima mafuta ndani ya msitu huu. Wananchi wa kando ya msitu walikataa pamoja na watetezi wa mazingira, na msitu ukaachwa. Kumbe inawezekana. Lakini aliyekuja mara moja aweza kurudi.

Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Sheria ya mazingira ya 1999 inataka athari zichunguzwe kabla ya kazi kama hiyo. Kwa hiyo twasema:

1. Mwanachama asishike panga la kukata njia mpaka ripoti isomwe barazani, kwa Kiswahili.
2. Maoni yetu yaandikwe, yapelekwe NEMA kwa jina la ushirika.
3. Ushirika ukinunua mizinga, vijana wasio na kazi watangulie. Tukiwakataza panga, tuwape kitu mkononi.

Anayekubali na anayepinga, wote tuje mkutanoni tusemezane. Kunyamaza ni kukubali.