Kapteni Hayuko Ndani ya Mtumbwi

Vijana wenzetu, na ninyi kaka na dada mnaofanya kazi kwenye mashirika, leo tunaongea juu ya mito ambayo wengi wetu hatutaiona: San Marcos na Guadalupe, kule Texas, Marekani.

Kila mwaka mwezi wa sita kuna mashindano ya mitumbwi yanaitwa Texas Water Safari. Mwaka 1962 wanaume wawili, Frank Brown na Bill George, walitoka mji wa San Marcos wakapiga kasia mpaka Corpus Christi bila injini. Mwaka uliofuata, 1963, mashindano yakaanza. Siku hizi wanaishia Seadrift, kando ya bahari. Ni maili 260, yaani zaidi ya kilomita 400, na mwisho ni saa 100. Joto kali, usiku na mchana, na mahali pengine magogo yameziba mto mpaka mtumbwi unabebwa.

Kilichotushika ni hiki: kila timu ina mtu anayeitwa kapteni, na huyo kapteni hayuko ndani ya mtumbwi. Yuko barabarani na gari. Anawahi daraja hadi daraja, anasubiri gizani na maji na barafu. Lakini haruhusiwi kuwapigia kasia wala kuwabebea mtumbwi.

Sisi tunasema hiyo ndo kazi ya msaada. Na inakosewa kwa njia mbili.

Ya kwanza, mtu wa garini anataka kushika kasia. Kijana anasema anataka kujifunza umeme, anaandikishwa kushona kwa sababu bajeti ni ya kushona. Hapo aliye barabarani ndiye ameamua mtumbwi uende wapi.

Ya pili ni mbaya zaidi: gari halifiki. Anayepiga kasia amepiga hesabu, maji haya yanifikishe daraja lile. Anafika, hakuna mtu. Tumeyaona hapa kambini: kozi ya miezi sita inafungwa mwezi wa tatu, mgao unapunguzwa tunaambiwa siku ileile ya kupanga foleni. Tunajua pesa za wafadhili zimepungua. Mwaka 2025 mgao ulikatwa katika nchi kadhaa zinazotupokea. Hatuombi gari litembee bila mafuta. Tunaomba taarifa mapema: "Daraja la tatu hatutafika, jipangeni." Aliyeambiwa atabana maji yake. Asiyeambiwa ataishiwa katikati ya mto.

Mtu atasema: hao wa Texas wamejichagulia mateso, mnalinganisha nini? Ni kweli. Yule akichoka anatoka majini, gari linampeleka nyumbani. Sisi mto hatukuuchagua, na nyumbani ndo tulikotoka mbio. Kwa hiyo ahadi ya kutusubiri darajani inatakiwa iwe nzito zaidi, siyo nyepesi.

Wengine watasema kutegemea barabara ni unyonge. Waulizeni waliotoka Kisangani. Mto Kongo wenyewe, na ukubwa wake wote, unakatika kwenye maporomoko ya Boyoma. Ndiyo maana ilijengwa reli ya kama kilomita 125 kati ya Ubundu na Kisangani: mzigo ushuke majini, upite nchi kavu, urudi majini. Hakuna aliyesema mto ni mvivu.

Kwa mashirika tunaomba jambo moja la bei rahisi. Kila mradi ubandike ubaoni tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha, na namba ya mtu atakayepokea simu mambo yakibadilika. Mkibadilisha tarehe, badilisheni na ubao siku hiyohiyo.

Na sisi kwa sisi je? Kuna mwenzetu anajiandaa na mtihani. Usimfanyie mtihani, ila mchotee maji, mshikie foleni, mchajie simu kwenye sola asome usiku. Dada mwenye mtoto mchanga anayehudhuria darasa, mshikie mtoto saa mbili tu. Hiyo haihitaji mfadhili wala proposo. Inahitaji ujue yuko wapi na atafika saa ngapi.

Siyo kila mtu atapanda mtumbwi mwaka huu. Wiki hii, wewe ni kapteni wa nani?