Siasa ya Nje ni ya Wananchi Wote

Wapo wanaodhani kwamba siasa ya nchi za nje ni kazi ya mabalozi peke yao. Dhana hiyo ni potofu, na kisiwa cha Mafia ni shahidi. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani waligawana mwambao; Mafia ikaangukia kwa Wajerumani, wenyewe wasiulizwe. Januari 1915 Waingereza wakaiteka, na Julai ndege zao zikaruka kutoka huko kusaidia kuiangamiza manowari Königsberg katika delta ya Rufiji. Vita havikuwa vya wana-Mafia.

Leo uamuzi ni wetu. Lakini asiyeelimishwa ataamuaje? Hapana budi mambo ya dunia yajadiliwe katika mikutano ya vijiji, toka Kilindoni hadi Jibondo. Asiyejua ya ng'ambo huamuliwa na walioko ng'ambo.