Pizza ya Mboga Gongoni: Nani Kasema Bila Oveni Haiwi?

Kuna dada mmoja wa Dar, jina linahifadhiwa, ana wafuasi mpaka basi. Juzi kapika anachokiita "pizza ya mboga ya afya". Oveni ya umeme, jibini ya kuagiza, hoho za rangi tatu za supamaketi na, kwa sababu anazozijua mwenyewe, soseji mbili juu. Sawa, jikoni ni kwake.

Noma ilianza pale binti wa Gongoni, Tabora, alipomjibu kwa video yake. Jiko la mkaa, kikaango cha chapati, mfuniko wa sufuria, basi. Koment zikamshukia: "hiyo chapati imemwagiwa kachumbari", "Tabora ushamba mtaacha lini". Staa naye akatupia vikatuni vya kucheka. Hapo kachemka.

Hiyo nyanya anayoringia imetoka Amerika, Waitaliano nao waliletewa tu. Tabora ndiyo usiseme: karne ya 19 misafara ya Bagamoyo kwenda Ujiji ilikuwa inapita hapo hapo, na miembe iliyokuja na njia ile mpaka leo watu wanakula matunda yake. Mji wa kupokea vya watu na kuvifanya vyake, leo uambiwe haujui pizza? Halafu nenda Forodhani, Zanzibar. Ile Zanzibar pizza ni unga mwembamba unaokunjwa na nyama, kitunguu na yai ndani, unakaangwa kwenye chuma. Oveni haijawahi kuiona. Mbona hakuna anayeiita ushamba? Kwa kuwa mzungu anaipiga picha.

Na ukiacha maneno, upishi wa binti una akili. Unga kachanganya nusu wa atta, maji ya uvuguvugu, chumvi na mafuta kijiko kimoja, bila hamira, kwa hiyo hakuna kusubiri uumuke. Kausukuma mnene kuliko chapati, kauchoma upande mmoja, kageuza. Nyanya alishazipika pembeni na kitunguu saumu mpaka maji yakakauka kabisa. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanapanga nyanya mbichi, chini panakuwa uji. Juu kaweka kitunguu, hoho, mchicha uliokamuliwa na uyoga. Kafunika, kapalia makaa machache juu ya mfuniko kama bibi anavyopalia wali. Moto chini, moto juu. Sasa oveni ni nini kingine?

Uyoga wenyewe ni wa miombo, ule wa msimu wa mvua. Ila mtu asiingie porini kuokota tu asiojua, upo unaoua. Anunue kwa mama wa sokoni anayeujua.

Jibini hakuweka, na wengi ndiyo wamemponda hapo. Lakini afya ni ipi, mboga zilizojaa au jibini ya chumvi na soseji? Kama mtu anaitamani aweke kidogo, hakuna anayemkataza. Karanga za kusagwa pia zinakaa vizuri, ingawa wa Dar watapiga kelele tena.

Kinachouma ni kwamba binti aliandika anataka kuanza kuuza vipande jioni pale mtaani. Baada ya kuchekwa, mashoga zake wakamwambia aifute video. Staa analipwa kutangaza oveni, hiyo inaeleweka, kazi ni kazi. Ila kicheko chake kimoja kwa mtu anayetafuta mtaji kinaweza kufunga biashara kabla haijafunguliwa, na yeye asijue hata Gongoni iko upande gani wa Tabora.

Mpaka jana staa alikuwa amefunga koment. Binti hajafuta. Anajibu mmoja mmoja, hasa wanaomuuliza uyoga ukaangwe kwa muda gani kabla ya kuupanga juu. Jibu lake: mpaka uache kutoa maji.