Ulaya na viwanda vyake: pesa zipo, mafundi wako wapi?

Mwezi wa Septemba 2024 Mario Draghi, aliyewahi kuongoza Benki Kuu ya Ulaya na baadae kuwa Waziri Mkuu wa Italia, aliukabidhi Umoja wa Ulaya ripoti ya karibu kurasa 400 kuhusu uchumi wa bara hilo. Ripoti haikubembeleza mtu. Ilieleza kwamba viwanda vya Ulaya vinaachwa nyuma na Marekani na China, na kwamba ili visimame tena unahitajika uwekezaji wa ziada wa yuro bilioni 750 hadi 800 kila mwaka.

Ndugu wasomaji huenda wakauliza: sisi wa visiwani, wenye shida zetu za maji, umeme na bei ya vyakula, viwanda vya Wazungu vinatuhusu nini? Jawabu letu ni kwamba ndani ya mjadala huo mna swali linalogusa kila nyumba yenye kijana aliyemaliza skuli: ujuzi hujengwa vipi, na hupotea vipi? Ulaya ina mifano ya yote mawili, na inafaa tuitazame.

Hali ilivyo

Kwa miaka mingi viwanda vya Ulaya, hasa vya Ujerumani, vilitegemea gesi ya bei nafuu kutoka Urusi. Mwaka 2021 zaidi ya asilimia 40 ya gesi iliyoagizwa na Umoja wa Ulaya ilitoka huko. Vita vya Ukraine vilipoanza Februari 2022 mlango huo ukaanza kufungwa. Kwa mujibu wa ripoti ya Draghi, kampuni za Ulaya zinalipa umeme mara mbili hadi tatu ya bei wanayolipa wenzao wa Marekani. Mwenye kiwanda cha chuma, kioo au mbolea anajua maana yake.

Wakati huo huo China, ambayo zamani ilikuwa mnunuzi mkubwa wa bidhaa za Ulaya, imekuwa mshindani. Mwezi wa Disemba 2024 kampuni ya Volkswagen na chama cha wafanyakazi walikubaliana kupunguza zaidi ya nafasi 35,000 za kazi nchini Ujerumani ifikapo 2030. Hakuna atakayefukuzwa kwa nguvu, lakini wengi wakistaafu nafasi zao hazitojazwa. Kuna miji ambayo babu, baba na mtoto wote wamefanya kazi katika kiwanda kimoja. Kwa familia hizo khabari hii si ya kurasa za biashara tu.

Jambo la tatu ni la zamani zaidi. Ulaya hugundua, kisha wengine ndio wanaovuna. Mtandao wa kurasa tunaousoma kila siku kwenye simu ulibuniwa mwaka 1989 na Tim Berners-Lee katika kituo cha utafiti cha CERN, Geneva. Mfumo wa MP3, uliotuwezesha kuhifadhi sauti za qaswida na mawaidha kwenye simu ndogo, ulitengenezwa kwa sehemu kubwa katika taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani. Leo, kati ya kampuni 50 kubwa za teknolojia duniani, 4 tu ni za Ulaya. Nokia ya Finland, ambayo karibu kila mmoja wetu aliwahi kuishika, iliuza biashara yake ya simu kwa Microsoft mwaka 2014.

Mashine ya Veldhoven

Hata hivyo lipo eneo moja ambalo dunia nzima inaisubiri Ulaya. Katika mji mdogo wa Veldhoven, Uholanzi, iko kampuni ya ASML. Inatengeneza mashine za kuchorea chipu, zile punje za umeme zilizomo ndani ya simu, kompyuta na magari. Kwa chipu za hali ya juu kabisa ASML ndiyo peke yake duniani yenye mashine hiyo. Taiwan, Korea Kusini na Marekani zote hununua kwake.

Mashine hiyo hufanya kazi kwa namna ya ajabu. Matone madogo sana ya madini ya bati hurushwa mara 50,000 kwa sekunde moja, na kila tone hupigwa na miale ya leza hadi litoe mwanga usioonekana kwa jicho. Mwanga huo huongozwa kwa vioo laini mno, kisha huchora michoro midogo kuliko kirusi. Vioo vinatengenezwa na Zeiss na leza inatengenezwa na Trumpf, zote za Ujerumani. Mashine moja ina vipande zaidi ya 100,000 na bei yake ni zaidi ya yuro milioni 150. Ya toleo jipya inapindukia milioni 300.

Tunalotaka msomaji alizingatie ni muda. ASML ilianzishwa mwaka 1984, ikiwa ni tawi dogo lililoshirikiwa na Philips, na watu wengi hawakuipa nafasi mbele ya Nikon na Canon za Japani. Kazi ya kutafuta mwanga huo mpya ilichukua zaidi ya miaka 20. Washindani walikata tamaa njiani. ASML ilichota elimu ya maabara za Marekani, ikanunua kampuni ya California iliyokuwa ikitengeneza chanzo cha mwanga, na mwaka 2012 ikawashawishi wateja wake wakubwa, Intel, Samsung na TSMC, wachangie gharama za utafiti. Chipu za kwanza zilizotengenezwa kwa wingi kwa mashine hiyo ziliingia sokoni mwaka 2019.

China ina pesa ya kununua mashine hizo, lakini serikali ya Uholanzi, kwa shinikizo la Marekani, haijaruhusu ziuzwe huko. Wachina wanajaribu kutengeneza yao, nao ni watu hodari. Lakini ujuzi uliogawika katika vichwa na mikono ya maelfu ya mafundi, katika kampuni zilizozoeana kwa miongo kadhaa, hauhamishiki kwa mchoro ulionakiliwa.

Kiwanda cha Skellefteå

Sasa tutazame upande wa pili. Mwaka 2016 ilianzishwa kampuni ya Northvolt nchini Sweden. Lengo lilikuwa jema: Ulaya iwe na betri zake za magari ya umeme, isitegemee Asia. Kiwanda kikubwa kilijengwa Skellefteå, kaskazini mwa nchi hiyo, kwenye umeme mwingi wa maji. Zilikusanywa takriban dola bilioni 15. Volkswagen na BMW zilitoa oda. Viongozi wa Ulaya waliisifu kama mfano wa kuigwa.

Tarehe 12 Machi 2025 Northvolt ilitangaza kufilisika. Wafanyakazi wapatao 5,000 walijikuta katika wasiwasi, wengi wao wageni waliohamia huko na familia zao kwa ajili ya kazi hiyo. Mwaka mmoja kabla, BMW ilikuwa imefuta oda ya yuro bilioni 2 kwa sababu betri zilichelewa.

Nini kilikosekana? Fedha ilikuwepo, umeme ulikuwepo, soko lilikuwepo. Sababu ni nyingi, ikiwemo kupanuka haraka katika nchi kadhaa kabla kiwanda cha kwanza hakijasimama. Lakini kubwa ni kwamba kutengeneza betri moja nzuri ni jambo jengine kabisa na kutengeneza milioni zinazofanana bila kuharibika. Mashine nyingi za kiwandani ziliagizwa China, na waliojua kuziendesha walikuwa Waasia. Kampuni za China na Korea zilianza kazi hii miaka mingi nyuma, zikaharibu betri nyingi, zikajifunza. Northvolt ilitaka kufika walikofika wenzake bila ya kuipita njia hiyo, na wawekezaji wakachoka kusubiri.

Mwalimu aliyerudi skuli

Mfano wa tatu ni wa magari. Mwaka 1984 Volkswagen ilisaini mkataba wa kutengeneza magari Shanghai kwa ubia na Wachina. Wakati ule Mjerumani alikuwa mwalimu na Mchina mwanagenzi. Mwaka 2023 Volkswagen hiyo hiyo ilikubali kulipa takriban dola milioni 700 kupata karibu asilimia 5 ya Xpeng, kampuni changa ya Kichina, ili itumie teknolojia yake ya magari ya umeme.

Mwanagenzi hakuiba usiku. Alikaa miaka 40 akitazama, akifanya na akiuliza, na serikali yake ikawa nyuma yake katika madini, betri na viwanda vidogo vya vipuri. Mwalimu naye aliendelea kuuza injini za dizeli, kwa kuwa ndizo zilizompa faida. Mwaka 2015 ikabainika kwamba Volkswagen ilitumia programu ya kompyuta kudanganya vipimo vya moshi. Akili ambayo ingeshughulika na gari la kesho ilitumika kuficha kasoro za gari la jana.

Ulaya inafanya nini?

Hatua zimechukuliwa. Mwezi wa Oktoba 2024 Umoja wa Ulaya uliweka ushuru wa ziada wa hadi asilimia 35.3 kwa magari ya umeme kutoka China, juu ya ule wa kawaida wa asilimia 10. Mwaka 2023 ilipitishwa sheria ya chipu, kwa lengo la kuipatia Ulaya asilimia 20 ya soko la dunia ifikapo 2030. Wakaguzi wa hesabu wa Umoja huo wenyewe wamesema mwaka 2025 kwamba lengo hilo halielekei kufikiwa. Na lengo la kutumia asilimia 3 ya pato kwa utafiti, lililowekwa tangu 2002, bado halijatimia: wako kwenye asilimia 2 na kidogo.

Kwa maoni yetu ushuru unaweza kununua muda, ila haufundishi mtu. Kiwanda kinachokingwa kisha kikalala kitaamka siku ukuta ukiondoshwa, na kitakuta wenzake wameshafika mbali. Hatua iliyotuvutia zaidi haikupata kelele nyingi. Mwezi wa Machi 2024, ASML ilipoonya kwamba huenda ikapanuka nje ya Uholanzi, serikali ilitenga yuro bilioni 2.5 kwa mkoa wa Eindhoven, kwa nyumba, barabara, umeme na mafunzo ya mafundi. Walielewa kwamba fundi anahitaji pa kulala na skuli ya watoto, la sivyo ataondoka na ujuzi wake.

Linabaki suala la wageni, ambalo siasa za Ulaya zinalikwepa. Chanjo ya Uviko ya kampuni ya BioNTech ya mji wa Mainz iliongozwa na Uğur Şahin na mkewe Özlem Türeci. Şahin alizaliwa Uturuki na kupelekwa Ujerumani akiwa mtoto mdogo. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha magari cha Ford mjini Cologne. Ulaya inazeeka na mafundi wanapungua, hadi Ujerumani imeanzisha tangu Juni 2024 kibali cha Chancenkarte kwa wenye ujuzi wanaotafuta kazi, na Septemba mwaka huo ikasaini makubaliano ya ajira na Kenya. Papo hapo vyama vinavyowatukana wahamiaji, na Waislamu hasa, vinazidi kupata kura. Nchi haiwezi kumfukuza baba wa kiwandani leo kisha ikamtarajia mwanawe mvumbuzi kesho.

Na sisi je?

Lipo jambo moja linalotuunganisha na hadithi hii moja kwa moja, nalo ni mwani. Tangu mwaka 1989 mwani unalimwa kibiashara katika fukwe zetu, na wengi wa wakulima wake ni akina mama. Wanafunga kamba, wanasimama majini, wanavuna, wanaanika. Mwani mkavu hupakiwa ukapelekwa nje, ikiwemo Denmark, ambako haumei kwa kuwa bahari yao ni baridi. Huko hutolewa unga uitwao karajinani, unaotiwa katika aiskrimu, dawa ya meno na vyakula vingi. Ukiona E407 kwenye pakiti ya bidhaa, ndio huo.

Denmark haina mwani huo wala jua la kuukausha. Ina mafundi wanaojua kuuchemsha, kuusafisha na kuupima hadi kila gunia liwe sawa na jengine. Sehemu kubwa ya bei inabaki kwa mwenye ujuzi huo, na mama aliyesimama majini anabaki na sehemu ndogo. Watu wetu wameanza kutengeneza sabuni na unga wa mwani, na tunawapongeza, lakini safari ya kuufikia ule unga wa viwandani bado ni ndefu.

Hapa tunazungumza na wazazi. Wengi wetu tunahisi kijana amefaulu akipata kazi ya ofisini, na ufundi ni wa yule aliyeshindwa mtihani. Ujerumani, yenye fani zaidi ya 300 za uanagenzi rasmi, humlipa kijana wa miaka 16 kwa miaka miwili hadi mitatu na nusu huku akigawa wiki yake baina ya skuli na karakana. Huko hakuna anayemhurumia. Wale wanaosugua vioo vya mashine ya Veldhoven wengine walianzia hapo.

Wahenga walisema ujuzi hauzeeki. Yaliyoikuta Ulaya yanatuonesha kwamba unaweza kuhama, kwa hiyo kila kizazi kinapaswa kuukabidhi kwa kinachofuata. Basi kabla ya kumlipia mtoto ada ya kozi yoyote, tuulize maswali matatu: nani atamfundisha kwa mikono, atafanya kazi halisi kwa muda gani, na kazi yake itapimwa na nani? Pasipo na majibu, cheti atakipata. Ufundi itabidi autafute kwengine.