Barua ya Wazi kwa Waziri wa Ulinzi wa Kenya, Kuhusu Manowari Ndogo ya Ndege Zisizo na Rubani

Mheshimiwa Waziri,

Naomba idhini yako niseme rai yangu juu ya jambo ambalo kila dola yenye pwani italazimika kulikatia shauri, nalo ni uundaji wa manowari ndogo, nyepesi, ya kuchukulia ndege zisizo na rubani.

Mwezi wa Aprili 2009, maharamia walipoivamia meli ya mizigo Maersk Alabama ilipokuwa ikija Mombasa, wakamshika nahodha wake, Richard Phillips, ndani ya mashua ya kuokolea, manowari ya Marekani USS Bainbridge iliwaangalia kwa kindege kiitwacho ScanEagle. Kindege hicho, ambacho upana wa mbawa zake ni mita tatu na kidogo, na ambacho asili yake kilikusudiwa kuwatafutia wavuvi jodari, hukaa angani kwa zaidi ya saa 20. Wala hakihitaji uwanja, kwani hurushwa kwa mtambo wa hewa, na kirudipo hujigonga ubawa katika kamba iliyoning'inizwa mlingotini kando ya sitaha, kulabu iliyo nchani mwa ubawa ikakishika hapo hapo.

Kurusha, basi, si kazi. Kazi ni kupokea. Kusi ikichacha, meli ndogo huenda mrama, na kila inapolala upande mlingoti hulala nao, ile kamba ikayumba kuliko sitaha yenyewe. Ndiyo maana naona umbo lifaalo ni la mwili mwembamba uliokingwa ubavuni na miili miwili midogo, mfano wa ngalawa, na kamba itungikwe tezini, mbali na moshi wa injini. Kadhalika, vindege vyenyewe visitumie petroli, ambayo mvuke wake ukijaa ghalani huwaka kwa cheche moja, bali mafuta ya ndege yasiyo mepesi kushika moto.

Ama kasi, nakusihi usighurike nayo. Kuiongeza maradufu hudai nguvu ya injini takriban mara nane, na Wamarekani, walioziunda manowari za pwani za kupita maili 40 za bahari kwa saa, waliiingiza mojawapo, USS Sioux City, kazini mwaka 2018 wakaistaafisha mwaka 2023, madhali aina yake iliandamwa na hitilafu za giaboksi iliyounganisha dizeli na mitambo ya gesi. Katika ulinzi wa maili 200 za bahari yetu, meli ya maili 25 yenye jicho angani ni bora kuliko ya 40 iliyo kipofu.

Muradi wangu ni huu: kabla ya mkataba wowote kutiwa sahihi, mtambo wa kupokelea ujaribiwe na mabaharia wenyewe wa kambi ya wanamaji ya Mtongwe, mwezi wa Julai, kusi inapochacha, nje ya miamba, wala si katika maji matulivu ya bandari ya Kilindini.