Vidato vya Muuguzi

Wakwezi wa minazi katika nchi ya pwani hukata vidato katika shina, kimoja juu ya kingine, kwa kipimo cha mguu wa mtu. Mkwezi mwenye akili hakati kidato mahali ambapo mguu wake hauwezi kufika, maana atakayeanguka ni yeye. Shule za Tanzania huliita kwa neno hilohilo kila darasa la sekondari. Neno lilichaguliwa vizuri kuliko ngazi yenyewe ilivyojengwa. Katika elimu ya uuguzi viko vidato vya chini, navyo vinakanyagika. Viko vya juu, navyo vinapendeza machoni. Baina yao shina ni tupu, na wanaoteleza hapo huambiwa kuwa miguu yao ni mifupi.

Pangani inayotajwa hapa si ule mji mkongwe wa mkoa wa Tanga ulio mlangoni mwa mto wenye jina lake. Ni kata ya mji wa Kibaha, mkoa wa Pwani, nchi ya mikorosho na mihogo, na sasa ya viwanja vya watu waliohama Dar es Salaam. Mkaaji wa kata hiyo amezungukwa na elimu ya tiba. Hospitali ya Tumbi, ambayo ni ya rufaa ya mkoa, iko katika mji huohuo. Chuo cha afya kimo katika eneo la Shirika la Elimu Kibaha. Akishika barabara ya Morogoro kwenda Dar es Salaam, atapita njia ya Mloganzila, ambako kuna hospitali iliyojengwa kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili na kuzinduliwa mwaka 2017. Nauli ya daladala inatosha kumfikisha mlangoni. Kuingia ndiko kuna maneno.

Hebu msomaji amfikirie muuguzi mmoja wa kata hiyo. Alifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2012 katika shule ya kata, akapata alama hafifu katika fizikia na hesabu na alama za kati katika baiolojia na kemia. Akasoma stashahada ya uuguzi miaka mitatu, akahitimu kwa wastani wa 2.9. Tangu hapo amefanya kazi wodini miaka saba. Ana watoto wawili, ana mama mzee, na mshahara wake umegawanywa kabla haujafika mkononi. Sasa anataka shahada. Muuguzi huyu hakubuniwa ili atiliwe huruma; kila aliyewahi kulazwa hospitali ya umma amewahi kuamshwa na mkono wake usiku.

Mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu unamtaka mwombaji wa shahada ya uuguzi awe na ufaulu wa masomo matatu ya sayansi katika kidato cha sita, usiopungua pointi 6. Au awe na stashahada ya uuguzi yenye wastani wa B, yaani 3.0, pamoja na ufaulu wa masomo ya sayansi ya kidato cha nne. Muuguzi wa Pangani amepungukiwa na sehemu moja ya kumi. Kwa ajili ya sehemu hiyo ombi lake halifiki mezani pa mtu yeyote wa kulisoma. Mashine hulikataa kabla.

Watetezi wa kipimo hiki husema kuwa uhai wa mgonjwa si jambo la kuonea watu huruma. Maneno hayo ni ya kweli, na kwa sababu ni ya kweli yanawarudia wenyewe. Muuguzi huyu ana leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Dola imemhesabu kuwa anafaa kuchoma sindano, kupokea mtoto anayezaliwa, kupima damu inayomtoka mzazi na kuamua kama daktari aamshwe au aachwe alale. Ikiwa wastani wa 2.9 ni hatari kwa mgonjwa, mbona amekabidhiwa wagonjwa? Na kama si hatari kwa mgonjwa, itakuwaje hatari kwa kitabu? Mfumo umemwamini kwa jambo kubwa, ukamshuku kwa jambo dogo. Hakuna anayeomba mtihani wa kutokea urahisishwe. Mhitimu apimwe kwa mizani ileile anayopimiwa mwenzake, na akishindwa ashindwe. Linalodaiwa ni ruhusa ya kupimwa.

Tena yafaa kuuliza zile alama za zamani zilipima nini. Shule nyingi za kata zilisimamishwa kwa haraka chini ya mpango wa maendeleo ya sekondari ulioanza mwaka 2004, na nyingi zilikosa maabara, hata ikabidi serikali iendeshe kampeni ya kuzijenga miaka ya 2014 na 2015. Mtoto aliyetahiniwa kabla ya hapo alijibu maswali ya majaribio ya kisayansi kwa kalamu, pasipo kushika chupa wala mizani. Tena mtihani wenyewe wa 2012 ndio ule ambao matokeo yake ya kwanza yaliangusha zaidi ya nusu ya watahiniwa, nchi ikashtuka, tume ikaundwa, na mwaka 2013 matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Alama iliyobadilika mara moja kwa mkono wa serikali hugeuka kuwa kauli ya milele inapomfikia muuguzi! Hata kipimo cha stashahada hakikusimama mahali pamoja: mwaka 2016 kilipandishwa hadi 3.5, kisha kikarudishwa 3.0. Akili za wauguzi hazikupanda na kushuka pamoja nacho.

Wako pia wauguzi wenyewe wanaopinga, nao wanastahili kusikilizwa kuliko wengine. Husema kuwa shahada humtoa muuguzi kitandani kwa mgonjwa ikampeleka mezani kwa majalada. Shutuma hii ina ukweli ndani yake. Wodi nyingi zimepoteza mikono mizuri kwa njia hiyo. Lakini dawa yake ni kurekebisha muundo wa utumishi, ili mwenye shahada aweze kupanda cheo huku akibaki wodini. Kumnyima elimu aliyebaki wodini hakumrudishi aliyeondoka. Wala faida ya elimu hiyo si ya kubuni. Mwaka 2014 Linda Aiken na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet uchunguzi wa hospitali 300 za nchi 9 za Ulaya. Waliona kwamba kila wauguzi wenye shahada walipozidi kwa asilimia 10, uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufa ndani ya siku 30 ulipungua kwa asilimia 7. Ulaya si Tumbi, na uhusiano wa namba mbili hauthibitishi kuwa moja ni mama wa nyingine. Walakini anayesema kwamba uuguzi ni kazi ya mikono isiyohitaji chuo kikuu, alete namba zake.

Yamebaki mambo ya fedha, nayo ndiyo machungu zaidi, kwa maana hapa sheria haikusahau bali ilikusudia. Miongozo ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu katika miaka ya karibuni humtaka mwombaji awe amemaliza kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano, na asiwe na kipato kitokanacho na ajira. Muuguzi wa Pangani amepitwa na miaka, na ana ajira. Kwa hiyo mshahara usiotosha kulipa ada unatosha kumnyima mkopo. Akitaka kukopeshwa ilimpasa aache kazi, na akiacha kazi watoto wale nini? Vyuo binafsi vipo, na baadhi yake hufundisha vizuri, lakini ada yake ni mara kadhaa ya ile ya chuo cha umma.

Hoja ya Bodi inajulikana: fedha ni chache, na wasio na chochote watangulizwe. Ni hoja ya heshima. Ila izingatiwe namna deni linavyolipwa. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, mdaiwa aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake. Mhitimu kijana huweza kukaa miaka mingi bila ajira, na Bodi ikamtafuta kwa matangazo. Muuguzi aliye kazini amekwisha kuwa katika orodha ya malipo. Angeanza kukatwa mwezi uleule anapokopa. Mwenye duka yeyote wa Maili Moja anajua kumtofautisha mdeni wa kulipa na mdeni wa kukimbia. Bodi imemfukuza yule asiyeweza kukimbia.

Si heri zaidi kwa mwanafunzi aliye tayari katika chuo kikuu, akisoma mathalan ualimu wa sayansi, ambaye nia yake imegeukia uuguzi. Uhamisho unaruhusiwa, lakini ni kwa yule tu anayetimiza sifa za kuingia katika programu anayoiendea, na nafasi iwepo. Mlango wa ubavuni umetiwa kufuli lilelile la mlango wa mbele. Masomo aliyokwisha kuyafaulu, hata yakiwa ya baiolojia na kemia ya chuo kikuu, hayafuti alama ya kidato cha sita. Akiamua kuacha masomo aanze upya, miongozo humtaka arudishe kwanza walau asilimia 25 ya mkopo aliokwisha kuutumia. Tajiri akikosea njia hugharimika, akageuka. Maskini akikosea njia, kosa ndilo linalokuwa njia yake.

Hapo husimama mtu mwenye methali: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Yamkini msemaji hajapata kufanya kazi wodini. Muuguzi ndiye aliyeinama mvunguni kuliko watu wote wa nchi hii, kwa kuwa chombo cha haja cha mgonjwa hukaa huko.

Haidhaniwi kuwa nchi hii haikupata kujua njia nyingine. Kibaha yenyewe ni ushahidi. Kituo chake cha elimu kilianzishwa kwa mkataba wa mwaka 1962 baina ya Tanganyika na nchi za Denmark, Finland, Norway na Sweden, kikakabidhiwa Tanzania mwaka 1970, nacho kiliweka shule, mafunzo ya wakulima na kituo cha afya mahali pamoja, kwa sababu ujinga, umaskini na maradhi vilihesabiwa kuwa adui wa jeshi moja. Katika miaka ya 1970 wasichana waliomaliza darasa la saba walifundishwa kuwa wasaidizi wa afya ya mama na mtoto, wakapelekwa zahanati za vijijini, na baadaye wengi wakaendelezwa hadi kuwa wauguzi kamili. Nao Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliagiza kuwa anayemaliza kidato cha sita afanye kazi kwanza, na mwenendo wake kazini uwe sehemu ya sifa za kumwingiza chuo kikuu. Azimio hilo lilikuwa na ila zake. Barua ya tawi la chama iliweza kuandikwa kwa upendeleo, na idadi ya wanawake ilipungua hata ikabidi wasamehewe sharti la kufanya kazi kwanza. Liliachwa, na halikuachwa bila sababu. Lakini pamoja na ila liliachwa na wazo lake jema, kwamba kazi ni mtihani wenye kusahihishwa kila siku. Ni ajabu kwamba wazo hilo lilitumika kwa watu wa masomo yote, na leo halitumiki kwa uuguzi, ambao kazi yake yaonekana na kuhesabika kuliko nyingine.

Mahali pengine wazo hilo lingali hai. Uingereza, ambayo tangu mwaka 2013 huwafundisha wauguzi wake wapya kwa shahada tu, ilifungua mnamo 2017 njia ya mwanagenzi: mfanyakazi wa hospitali husoma shahada huku akilipwa mshahara. Na hapa Afrika Mashariki, Chuo Kikuu cha Aga Khan kilianza mwaka 2001 kuwafundisha wauguzi walio kazini, wakihudhuria darasa siku chache za juma na kurejea wodini siku zilizobaki. Basi haiwezi kusemwa kuwa jambo hili haliwezekani Dar es Salaam, maana limefanyika Dar es Salaam. Lililobaki ni vyuo vya umma kulifanya kwa ada ya umma.

Linalodaiwa si kubwa. Mwenye leseni na miaka mitano ya wodi, akiwa na wastani usiofika 3.0, apewe muhula mmoja wa kemia, fizikia na hesabu, kisha mtihani. Akifaulu, ahesabiwe amefaulu, na alama za utotoni zipumzike. Asirudishwe mwaka wa kwanza kujifunza kutandika kitanda, kama inavyotokea mara nyingi kwa wenye stashahada, ambao huketi miaka minne pamoja na vijana wasiopata kumgusa mgonjwa. Darasa lake liwe karibu na zamu yake. Tumbi ina wagonjwa wa kutosha kufundishia, na Mloganzila ina walimu. Na katika mwongozo wa mikopo liondolewe sharti la ajira kwa watumishi wa afya wanaojiendeleza katika fani yao, makato yaanze mara moja. Mwaka wa masomo 2023/24 mikopo ilifunguliwa kwa wanafunzi wa stashahada wa fani kadhaa, afya ikiwamo. Kwa hiyo Bodi inaweza kumkopesha msichana wa Pangani ili aingie katika fani ya afya, na siku anapoajiriwa katika fani hiyo inamfungia. Mwongozo huo huandikwa upya kila mwaka kabla dirisha la maombi halijafunguliwa.